Shimo la Tatu

"Usiguse," Profesa alisema, na Sajini, ambaye alikuwa ameshagusa, akaurudisha mkono mfukoni kama mtoto aliyekutwa jikoni na sukari mdomoni.

Maabara ya udongo si mahali pa kumtisha mtu. Ilikuwa chumba kirefu chenye meza za zege, tanuri la kukaushia, mizani, mashine ya kuubinya udongo mpaka ukubali yaishe, na rafu zilizojaa vibomba vya chuma vilivyozibwa kwa nta huku na huku. Ndani ya kila kibomba kulikuwa na udongo. Profesa alikuwa ameutafiti udongo maisha yake yote: unavyovimba ukinywa maji, unavyojikunyata jua likiwaka, unavyoibeba nyumba na unavyoikataa. Mkewe, alisema mwenyewe bila kuulizwa, alikuwa ameshamsamehe.

Inspekta alivuta kigoda akakaa. Kituoni walimwita Bi Taratibu, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Lakini siku hiyo hakuwa na muda wa taratibu. Mchana ule gari la wagonjwa lilikuwa linakwenda kituo cha afya kuanza kuhamisha akina mama wote wa wodi ya wazazi, labda yeye aseme kwa kinywa chake kwamba wodi ile haitaanguka. Na kinywa chake hakikuwa na la kusema.

"Nieleze upya," alimwambia Profesa. "Nieleze kama unamweleza bibi yangu."

"Bibi yako alijua udongo?"

"Bibi yangu aliuza nguo. Endelea."

Profesa alichukua chaki akachora ubaoni kiwanja kirefu, geti upande mmoja. Akatia vidoti vitatu. Cha kwanza karibu na geti, ilipo stoo. Cha pili katikati, lilipo jengo la wagonjwa wa nje. Cha tatu mwisho kabisa, ilipo wodi ya wazazi. Kabla ya ujenzi, mchimbaji alitumwa achimbe mashimo matatu membamba, marefu kwenda chini, atoe udongo wa kila shimo na kuuleta maabara. Ukapimwa, ripoti ikaandikwa. Udongo wote mgumu, wote umetulia. Basi wahandisi hawakuhangaika na misingi ya kwenda chini sana. Walitandaza zege pana kama mkeka, wakasimamisha kuta juu yake.

Jumatatu asubuhi ukuta wa jengo la wagonjwa wa nje ulianguka. Kijana mpaka rangi aliyekuwa kwenye ngazi alifia palepale. Bomba la maji lilikutwa limepasuka chini ya kifusi, na watu wote, polisi wakiwemo, wakaridhika: bomba limevuja, udongo umenywa maji, umevimba, ukuta umekwenda. Mpaka Profesa aliposoma tena ripoti yake mwenyewe na usingizi ukamkimbia.

"Shimo la pili na la tatu yanafanana mno," alisema. "Wakati ule nilifurahi. Kiwanja chenye udongo wa aina moja ni raha ya mhandisi."

"Na sasa?"

"Sasa sifurahi. Njooni."

Alishusha vibomba viwili vya akiba ambavyo havikuwahi kufunguliwa. Kimoja kiliandikwa shimo la pili, kingine shimo la tatu, kina kilekile. Alikwangua nta, akakiweka kibomba cha kwanza kwenye mashine ya kusukuma, na mche wa udongo wa kijivu ukatoka polepole. Ulikuwa nusu tu. Nafasi iliyobaki ilijazwa matambara na nta.

"Hilo si kosa," Profesa alisema. "Udongo mwingine hukatalia chini. Lakini tazameni cha pili."

Cha pili nacho kilikuwa nusu. Profesa aliilaza miche yote miwili juu ya gazeti, akaisogeza mpaka ncha zikagusana. Mstari wa mchanga mweupe uliokuwa umepinda katika mche mmoja ukaendelea moja kwa moja kwenye mwingine. Kijiwe cha chokaa, kilichokatwa kwa msumeno, kilikuta nusu yake.

"Loo!" alisema Sajini.

"Mche mmoja," Profesa alisema. "Umekatwa vipande viwili, ukapewa majina mawili."

Sajini alipiga meza, kisha akakumbuka ameambiwa asiguse. "Njia ya mwongo ni fupi! Kachimba la kwanza, kachimba la pili, kachoka. La tatu akaligawia udongo wa la pili. Afande, ile wodi imejengwa juu ya uongo mtupu."

"Kwa nini la tatu?" Inspekta aliuliza.

"Kwa sababu tatu inakuja baada ya mbili. Hata chekechea wanajua."

Profesa naye alitikisa kichwa kukubali. Inspekta hakutikisa.

"Profesa, udongo wako ukinywa maji unafanya nini?"

"Unavimba, nimekwambia."

"Ukivimba unaisukuma nyumba wapi?"

"Juu."

"Mimi Jumatatu niliingia kwa mlango wa nyuma wa lile jengo, ule uliobaki umesimama. Sikupanda. Nilitumbukia. Kizingiti kimezama, nusura nivunje mguu."

Profesa aliweka chaki chini. Alikitazama kidoti cha pili. "Hilo mngeniambia Jumatatu," alisema.

"Jumatatu mlituambia ni bomba la maji."

"Nyumba ikizama, bomba hukatika. Tumemkamata majeruhi tukamwita mhalifu." Profesa alivua miwani, akaifuta kwa shati lenye vumbi, akaivaa ikiwa chafu zaidi. "Kama limezama, chini yake hakuna udongo mgumu. Basi huenda la pili ndilo halikuchimbwa."

"Na la tatu likachimbwa?"

"Hilo sijui. Huenda yote mawili ni ya uongo. Mche huu ungeweza kutoka shimo la kwanza, au hata uani kwa mchimbaji. Najua hawa ni pacha, Inspekta. Mama yao simjui. Nimeomba mtambo wa kuchimba upya, utafika wiki ijayo."

Wiki ijayo haikuwafaa akina mama wa mchana ule. Inspekta aliinuka.

*

Sista mkuu wa wodi ya wazazi aliwapokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Afande, kama umekuja kunihamishia wagonjwa, anza na mimi. Mimi ndiye mzito kuliko wote."

"Nimekuja kuuliza."

"Uliza ukiwa nje ya njia, basi. Watu wanafanya kazi."

Mwanamke mmoja alikuwa anapiga deki. Sajini, aliyekuwa na haraka ya kuonekana ana haraka, alipita katikati ya sakafu iliyolowa na kuacha nyayo zake hadi dirishani.

"Baba we!" mwanamke alimaka. "Kwani hukuona nimeanzia kule ndani? Mtu hupiga deki akirudi nyuma kuelekea mlangoni, asije akakanyaga kazi yake. Ama kwenu mnaanzia mlangoni mkaruka kama panzi?"

Akina mama walicheka, hata wale ambao kucheka kuliwauma. Inspekta hakucheka. Alikwenda dirishani akaangalia kiwanja chote: wodi huku mwisho, kifusi katikati, geti kule mbali, na njia moja tu ya gari. Alisimama hapo kiasi cha Sajini kuanza kukohoa.

Binti ambaye Inspekta alikuwa amemjia alikuwa kitanda cha pembeni, amelala chali, mtoto kifuani. Baba yake ndiye mchimbaji. Mjini walimwita Mzee Keekee, jina la chombo cha kutobolea, kwa ajili ya kazi yake, na kwa ajili ya tabia yake pia, kwani akianza jambo halegezi. Alikuwa mahabusu tangu jana jioni na hakuwa ametamka neno.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hongera. Nani alikuleta hapa kujifungua?"

"Baba."

"Ukuta wa jirani ukiwa umeshaanguka?"

"Siku ya pili yake. Mume wangu alikataa kabisa. Alisema twende hospitali kuu, hapa nani atalala? Baba akamfokea mpaka mwenzangu akatafuta pa kujificha. Alisema barabara ile itamuua mtoto wa watu, nendeni palepale, pale hapana neno."

"Alisema kwa nini hapana neno?"

"Baba haelezi, Mama. Baba anasema tu, basi." Alianza kucheka, akashika tumbo.

"Mshono!" Sista alifoka kutoka upande wa pili.

"Na alipokamatwa?"

"Alikuwa amekaa hapo ulipokaa, amempakata mtoto. Askari alimwachia anirudishie kwanza. Namshukuru yule askari."

Sajini aliangalia viatu vyake. Yeye ndiye aliyemkamata, na kwenye taarifa yake alikuwa ameandika kwamba mtuhumiwa alikutwa amejificha.

Sista alimvuta Inspekta hadi koridoni. "Huyu tulimpasua jana. Damu ilikataa kukatika, imekatika alfajiri, nami nilishaanza kuomba. Ukimpakia kwenye gari, barabara ile na mashimo yake, itaanza tena, na njiani hakuna wa kuizuia. Sikutishi. Ndivyo ilivyo."

"Nikimwacha na nyumba ikaanguka?"

"Itakuwa imetuangukia pamoja. Mimi siendi popote. Lakini hao wengine si wangu wa kuwaamulia, wala si wako. Mkuu wako ameshapiga simu mara mbili."

*

Mzee Keekee aliletwa chumba cha mahojiano akiwa kimya kama maji mtungini. Alikuwa na mikono mikubwa yenye makovu, na aliiweka mezani kama vyombo alivyoazimwa. Inspekta alimpa chai. Hakuinywa. Akafungua gazeti, akaipanga ile miche miwili, ncha kwa ncha.

"Mzee wangu, hivi unavijua?"

Mzee alikisogeza kikombe pembeni.

"Vizuri. Sikuulizi hivyo. Sajini wangu hapa anasema mlianza kuchimba shimo la kwanza, la getini, mkaenda la pili, mkamalizia la tatu. Moja, mbili, tatu."

Mzee Keekee alimtazama Sajini kutoka kofia hadi viatu. Mtu anaweza kuvumilia kuitwa muuaji, lakini kuna ujinga mwingine hauvumiliki.

"Huyu hajawahi kukaa juu ya mtambo," alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kukaa bure. "Mtambo unatapika maji na matope kila uendapo. Ukianzia getini, utapita wapi kwenda ndani? Utanasa kwenye uchafu wako mwenyewe. Namba ni za wenye kalamu. Sisi tunaanzia mwisho tukirudi getini."

"Kwa hiyo mlianza na la tatu."

Mzee alifunga mdomo. Alikuwa ameshachelewa, na alijua.

"Nitakwambia ninachofikiri," Inspekta alisema. "La tatu ulilichimba. Ukaja la pili, hukulichimba, lakini udongo wa la tatu ulikuwa nao garini. Jengo lililozama ndilo hukulipima. Na ndiyo maana ulimlaza binti yako kule mwisho, wala hukuwa na wasiwasi. Lakini hayo ni mawazo yangu, Mzee. Wewe unaweza kuwa baba mkaidi tu. Siwezi kuwalaza wanawake kwenye nyumba kwa mawazo yangu."

Mzee aliitazama chai.

"Sikufichi kitu," Inspekta aliendelea. "Ukisema hukuchimba la pili, nitayaandika, na yatakwenda mahakamani pamoja na jina la yule mpaka rangi. Utafungwa. Ukinyamaza, sina ushahidi wa kutosha wa lolote, na wakili wako atafurahi. Lakini nami sitajua wodi imesimama juu ya nini. Nisipojua, wanahama wote."

"Lini?"

"Gari limeshafika. Wanaanza na wanaoweza kukaa. Wanaolala watafuata."

"Damu yake imekatika?"

"Alfajiri."

"Barabara ile," Mzee Keekee alisema, "niliipita na mtambo. Bolti zilifunguka zenyewe." Alifunika uso kwa mikono yote miwili. Aliposhusha mikono, machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Mwambieni asishuke kitandani. La tatu nilichimba kwa mikono yangu. La pili ndilo sikuchimba."

Sajini alianza kuandika. Inspekta alimzuia kwa jicho.

"Kwa nini hukuchimba?"

"Mkandarasi alikuwa amemwaga mawe palepale penye alama. Niliambiwa yataondolewa. Nikangoja kutwa, hayakuondolewa. Mtambo ulikuwa wa kuazima, ulitakiwa kurudi. Nikachimba la kwanza. Udongo wa mwisho mgumu, udongo wa getini mgumu, uleule, rangi ileile. Nikajiambia, katikati patakuwa na nini, mkate? Nikakata mche."

"Katikati palikuwa na nini?"

"Sijui, mama. Ndilo kosa lenyewe. Mpaka leo sijui."

Nje mlangoni simu ya mezani ililia na kunyamaza. Mzee alijipangusa pua kwa mkono wa shati.

"Usiniamini kwa maneno," alisema. "Mimi mwenyewe nisingejiamini. Kule la tatu bomba la kuchimbia lilikatika, kipande kikabaki ardhini. Nilijaribu kulichomoa nikashindwa. Kona ya nyuma ya wodi, upande wa nje, chini ya mfereji wa maji ya mvua. Halijaenda mbali. Chimbeni kwa jembe, mtaligonga." Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho tayari amekinunua: "Yule kijana alikuwa na mtu?"

"Mama yake. Kijana ndiye alikuwa anamtunza."

Mzee aliinamisha kichwa. "Andikeni," alisema.

*

Sajini alichimba mwenyewe, kwa jembe la mtunza bustani, na hakulalamika. Sista alisimama juu yake akimhimiza kama mkunga. Gari lilikuwa linanguruma mbele ya wodi, milango ya nyuma wazi, na akina mama wawili walikuwa wameshakaa ndani na vichanga vyao. Binti wa Mzee Keekee alikuwa kwenye machela, mlangoni, amefunikwa shuka hadi kidevuni.

Jembe liligonga chuma.

Sajini alipiga magoti akafukua kwa mikono. Kilikuwa kichwa cha bomba nene, kimekatika upande, kimesimama wima ardhini. Alijaribu kulitikisa. Halikutikisika. Inspekta aliinama, akalishika, akalivuta naye, kisha akainuka na kumpigia Mkuu.

"Wodi ina shimo," alisema. "Ndiyo, Mkuu. Nimelishika. Udongo uliopimwa ni wa hapa. Naandika kwa jina langu."

Sista hakungoja mwisho wa simu. "Rudisheni!" alimpigia kelele dereva, kisha wabeba machela, kisha dunia nzima. "Huyu kitandani kwake, taratibu, hamjabeba magunia! Na wale wa garini washuke!"

Walipomlaza, binti aliomba maji, akanywa kidogo, akamtafuta Inspekta kwa macho.

"Nani amesema hapa ni salama?"

"Baba yako."

Uso wake ukachangamka. "Si nilikwambia? Baba akishasema..." Akakatisha. Alikuwa binti wa baba yake, akili yake haikuacha jambo katikati. "Baba amejuaje?"

"Alichimba hapa mwenyewe."

"Na pale?"

Inspekta angeweza kusema kwamba uchunguzi unaendelea. Ndivyo inavyosemwa. "Pale hakuchimba," alisema.

Mtoto alianza kulia, binti akamnyonyesha, akamwangalia anavyonyonya.

"Yule kijana wa rangi," alisema baadaye, "siku za kliniki alikuwa anatuchungulia dirishani na brashi yake. Anatuuliza aanze kupaka nani, ukuta au sisi. Tulikuwa tunacheka mpaka Sista anatufukuza." Alifuta jicho kwa pembe ya shuka. "Baba alijua wakati anatufokea mimi na mume wangu. Alijua yule kaka amekufa kwa sababu yake, akakaa hapa ananipakatia mtoto."

"Alijua."

"Atatoka?"

"Si leo. Wala si karibuni."

"Utamwona?"

"Nakwenda sasa hivi. Lazima asaini."

"Mwambie damu haijarudi. Mwambie nimekula uji wote." Alimgeuza mtoto upande wa pili, akamweka sawa, akamfunika kichwa. "Na jina la mtoto, tulikuwa tumemwachia yeye achague. Mwambie asihangaike. Nitachagua mwenyewe."